Nafasi ya Mbu

Sijui alizaliwa wapi. Nilimuuliza mara nyingi mpaka nikawa na majibu mengi mno. Kwa wafanyabiashara wa Unguja alikuwa mtu wa Unguja. Kwa watu wa Tanga alikuwa na shamba la machungwa Muheza. Na mama mmoja wa Mombasa aliapa kwamba ni binamu wa mumewe. Yeye alikubali yote. "Mtu akikupa nyumba utaikataa?" aliniambia. Nikaacha kuuliza hilo, nikaanza kuuliza mengine, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Sote tulimwita Fundi. Hakuwa fundi wa kushona wala wa magari. Alikuwa fundi wa kupanga mizigo ndani ya kontena, katika ghala moja nje kidogo ya Guangzhou. Wafanyabiashara wetu walinunua bidhaa mtaa wa Xiaobei, au kwenye maduka ya jumla ya nguo ya Barabara ya Zhanqian, kisha wakaleta mizigo pale ikae mpaka kontena la kuchangia lijae. Mmoja ana marobota ya nguo, mwingine masufuria, mwingine vigae vya bafuni, mwingine taa za ukumbi wa harusi, na kila mmoja analipia nafasi anayochukua. Kazi ya Fundi ilikuwa kuhakikisha vitu hivyo vinafika Dar es Salaam bila kuuana njiani.

Mimi nilikuwa karani. Nilikwenda China kusoma, nikamaliza shahada ya usafirishaji wa mizigo katika chuo cha hapo hapo mjini, nikabaki. Mwenye ghala, mama wa Kichina ambaye kila mtu alimwita Laoban, yaani bosi, aliniajiri kwa sababu nilijua lugha yake, nilijua kompyuta, na nilijua kubishana. Hilo la tatu sikuliandika kwenye barua ya maombi. Aliligundua mwenyewe kwenye usaili, nilipomuuliza kwa nini saa ya ukutani kwake ilikuwa mbele dakika saba.

Fundi alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye kofia ya kudarizi iliyokwisha rangi na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni hata mwezi wa nane, wakati Guangzhou inageuka kuwa chungu chenye kifuniko. Kabla ya kupakia alizunguka mizigo yote akiipiga kofi moja moja, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, na akiipa kila mmoja maneno yake. "Wewe una kiburi, utakaa chini." "Wewe mpole, njoo huku karibu na vioo." Siku ya kwanza nilimuuliza kama hilo kofi linampa taarifa yoyote, au ni mazoea tu.

"Wewe ukisalimiwa shikamoo unapata taarifa yoyote?" alinijibu.

Nilisema hapana.

"Lakini ukinyimwa unapata."

Nikaandika jibu hilo kwenye daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza mbele yake. Daftari lile lilijaa alama za kuuliza zinazomhusu yeye.

Kichina chake hakikuzidi maneno arobaini, na thelathini kati ya hayo yalikuwa vyakula. Neno alilolimiliki kweli lilikuwa "meiyou", yaani hakuna. Kwa dereva alilisema fupi, likatoka kama mlango unaofungwa. Kwa Laoban alilisema refu na la huzuni, kana kwamba kuna msiba. Kwa mkaguzi wa zimamoto alilisema huku amefungua viganja vyote viwili na kutabasamu, na mkaguzi akaondoka akiwa ameridhika, sijui na nini. Mimi niliyekesha miaka nikijifunza kupandisha na kushusha sauti nilisahihishwa na wauza mboga kila siku. Yeye alisema neno lake moja akaletewa chai.

Tena mtu huyu, aliyezungumza habari za mnara mmoja wa kale kutoka asubuhi mpaka jioni, aliogopa kwenda juu. Hakuna aliyepata kumwona amevuka ghorofa ya pili ya jengo lolote. Xiaobei maduka mazuri yako juu, ghorofa ya saba, ya kumi na moja. Fundi alisimama chini, akampigia simu muuzaji, na muuzaji akashuka na sampuli ndani ya mfuko. Nilipomcheka alisema, "Namrudi alipanda kwa niaba yangu. Mimi nimeshajifunza."

Ndiyo, mnara wenyewe ulikuwa wa Namrudi. Siwezi kumweleza Fundi bila kumweleza Namrudi, maana walikuwa kama washirika wa biashara. Alimzungumzia mfalme yule wa kale kama wengine wanavyozungumzia jirani aliyehama. Aliswali swala zake zote kwa wakati, juu ya kadibodi aliyoitandika kati ya masanduku, kisha akakunja kadibodi na kurudi kumtetea kafiri. Jamaa mmoja wa Unguja alimkemea mbele ya watu katika mkahawa wa Xiaobei tulikokula wali Ijumaa.

"Fundi, muogope Mungu. Unamsifia Namrudi?"

"Simsifii, bwana wee. Nasema alikuwa na bidii."

Simulizi yake ilibadilika kufuatana na msikilizaji. Wakati nauli ya kontena ilipopanda, Namrudi alikuwa mwenye nyumba aliyepangisha vyumba vya mnara, na kadiri ulivyopanda, kikombe cha maji kilizidi bei, hata kule juu kikalingana na punda. Mungu hakuhitaji kufanya lolote, alikaa tu akasubiri wapangaji. Kwa wateja waliochelewa kuleta mizigo, mnara ulisimama nusu kwa sababu ya mtu mmoja aliyesema matofali yake yako njiani. Lakini simulizi kuu, ile aliyoitoa Ijumaa sahani zikishaondolewa, ilikuwa hii, na nitajaribu kuiacha katika mdomo wake:

"Namrudi mnamsingizia. Mnasema alitaka kupigana na Mungu. Kupigana wapi! Alitaka nafasi. Mji umejaa, mizigo mingi, akasema tujenge kwenda juu. Ni kosa hilo? Chungulieni dirishani, Wachina wamejenga mingapi? Sasa, kosa lake ni kwamba alikuwa bahili. Akawaambia mafundi wake: sitaki kuona upenyo. Tofali na tofali, katikati lami. Dirisha, hakuna. Mnara ukapanda mpaka mawingu yakawa yanaugonga kama mgeni asiyejua njia. Mungu akautazama, wala hakukasirika. Akamtuma mbu. Sikilizeni vizuri: hakumtuma kuua. Alimtuma kuangalia. Mbu maskini, ana mguu mmoja mbovu, katoka mbali, kachoka, anatafuta pa kukaa. Anazunguka mnara kutoka chini mpaka juu. Hakuna ufa. Hakuna tundu. Anafika kileleni anamkuta mfalme kalala chali, anakoroma. Matundu mawili! Mawili tu katika jengo zima! Ungekuwa wewe ungeingia wapi?"

Hapo alikunywa chai yake ya tangawizi, akaendelea kwa sauti ya chini.

"Akaingia. Akapanda mpaka kwenye ubongo. Mfalme akawa hapati raha mpaka apigwe viatu kichwani. Watumishi wakawekewa zamu ya kumpiga mfalme kwa makubadhi. Na nasikia," akacheka bila sauti, mabega tu, "hakuna hata siku moja waliyochelewa kazini."

Aliyempinga kwa nguvu zaidi alikuwa Mama Lubumbashi, mfanyabiashara wa nguo kutoka kusini mwa Kongo, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, aliyetembea na Maandiko ndani ya mkoba mmoja na kalkuleta.

"Non, Papa Fundi, non. Ile mbu unaitosha wapi? Mu Kitabu haimo. Mungu alichanganya luga yabo, bantu bakashindwa kusikilizana, bakaachana. Njo ile tu."

"Mama, sisi hapa tuna lugha ngapi? Wewe Kifaransa, mie Kiswahili, Laoban Kichina, dereva Kikantoni. Umepata kuona kontena limeshindwa kuondoka?"

"Alors, bale bantu balikuwa bapumbavu?"

"Hawakuwa wapumbavu. Hawakuwa na kalkuleta."

Mkahawa mzima ulicheka, na Mama Lubumbashi mwenyewe alicheka zaidi ya wote, akimpiga Fundi begani kwa kalkuleta ile ile. Mimi sikucheka. Nilikwenda maktaba. Ijumaa iliyofuata niliwasomea matokeo: kwamba kitabu cha Mama kinamtaja Namrudi kama mwindaji hodari ambaye ufalme wake ulianzia Babeli, lakini sura ya mnara haimtaji kabisa; kwamba kitabu cha Fundi kinamtaja mfalme aliyebishana na Ibrahimu bila kumpa jina, na anayeagiza mnara humo ni Firauni; na kwamba mbu ametoka kwenye masimulizi ya watu. Kwa kifupi, nilisema, hakuna ushahidi kwamba Namrudi alijenga chochote.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa.

"Kwa hiyo hana kesi?"

"Nani?"

"Namrudi. Kama hakutajwa, aachiwe aende zake."

Tangu siku ile aliniita Binti Wakili, na jina likanishika.

Yote haya yangebaki mazungumzo ya baada ya wali kama Fundi asingeyaingiza ndani ya kontena. Katika kila kontena alilopanga aliacha pengo. Lilikuwa juu, kwenye safu ya mwisho kabla ya mlango, na alilizuia kwa kamba alizozisuka kama wavu ili kitu kisianguke mlango ukifunguliwa. Aliliita nafasi ya mbu. "Namrudi alimnyima, mimi nampa," alisema, na mlango ukafungwa.

Pengo lenyewe halikuwa na ukubwa mmoja. Katika kontena la marobota ya nguo, mtu mzima aliyekunja magoti angeenea humo. Katika kontena la vigae lilitosha ngumi. Nilimuuliza sababu, akasema mbu wa vigae ni mdogo, hana chakula. Mbu wa nguo amenenepa. Niliandika na hilo, nikaweka alama za kuuliza mbili.

Kwa miaka Laoban aliyavumilia hayo, kwa sababu mizigo ya Fundi ilifika salama na wateja hawakulalamika. Lakini maghala mengine yalifunguliwa jirani, yakaanza kuwaambia wateja wetu kwamba wao hujaza kontena mpaka paa. Siku moja Laoban alinipeleka kwenye kontena lililokuwa wazi, akanyoosha kidole juu, kwenye pengo.

"Hiyo ni nini?"

Nilimwambia ukweli: ni mahali pa mbu.

Aliniagiza nitafute programu ya kompyuta ya kupanga mizigo, nipange kontena moja zima bila pengo. Likifanikiwa, alisema, Fundi apumzike. Kibali cha Fundi cha kuishi China kilikuwa kimefungwa kwenye kazi ile. Kupumzika maana yake ilikuwa kuondoka nchini.

Sikutaka kumfanyia jambo nyuma ya mgongo. Nilimkuta anasuka kamba, nikamweleza yote. Niliongeza kwamba anaweza kuokoa kazi yake kirahisi sana.

"Jaza tu lile pengo, Fundi. Au nipe sababu. Sababu moja ya maana, mimi nitampelekea Laoban leo hii."

"Sababu si nimekupa?"

"Mbu si sababu."

"Huyo mfalme naye alisema hivyo hivyo."

"Fundi, mimi sitanii. Utarudishwa nyumbani."

Aliacha kamba. Ni mara moja tu nilimwona uso bila mzaha, na haukudumu.

"Nyumbani mimi nitakuwa mzee," alisema. "Watanitandikia mkeka kivulini na kuniuliza kama nimekula. Hapa mimi ni Fundi." Kisha akarudi kwenye kamba zake. "Pima mizigo yako, Binti Wakili. Pima vizuri."

Nilipima. Mungu ananiona, nilipima vizuri. Kontena lilikuwa la Mama Lubumbashi karibu lote, marobota ya sketi na suruali kutoka Barabara ya Zhanqian. Nguo zile hazifungwi kwa mikono. Zinawekwa kwenye mashine, zinashindiliwa mpaka zinakuwa ngumu kama tofali, zinafungwa mikanda ya plastiki. Nilikwenda nikasimama kando ya mashine, na kila robota lilipotoka nililipima kwa tepu likiwa bado na joto. Urefu, upana, kimo. Programu ikanichorea kontena zuri ajabu, visanduku vya rangi ya samawati na njano, hakuna hata ufa. Niliuchapisha mchoro ule nikaubandika kwenye mlango wa kontena.

Fundi alipewa kiti cha plastiki na chupa ya chai. Aliagizwa asiseme kitu, na hakusema. Mama Lubumbashi alikuwepo kusimamia mali yake. Vibarua walipakia kuanzia asubuhi wakifuata namba zangu, na mpaka saa sita mambo yalikwenda kama mchoro. Saa nane walipofika safu ya mwisho, robota moja lilikataa kuingia. Tukalisukuma likaingia. Likakataa la pili. Saa tisa marobota yote yamo ndani na milango haifungi: imebaki wazi upana wa kiganja, na nguo zimetokeza nje kama tumbo lililoshinda vifungo vya shati.

Tulisukuma. Vibarua walisukuma, dereva akasukuma huku akitukana kwa Kikantoni, mimi nikasukuma na shahada yangu. Mama Lubumbashi alivua viatu, akageuka, akaweka mgongo wake mlangoni.

"Yesu na Maria! Weye Mademoiselle, ulipima nini? Ulipima kwa macho?"

"Nilipima kwa tepu, Mama!"

"Basi tepu yako inakunywa pombe!"

Laoban alisimama kando akitazama saa ya ukutani kupitia dirisha la ofisi, ile ya dakika saba mbele. Lori lilitakiwa kuwa bandarini kabla ya jioni. Mwishowe hakuniangalia mimi, aliangalia kiti cha plastiki. Fundi akainuka, akamimina chai iliyobaki chini taratibu, akaja. Aliyapiga kofi marobota mawili matatu. Akawaonyesha vibarua kwa kidole: toa hili, toa hili, toa lile. Yalitoka kumi na moja. Akasuka kamba zake. Milango ikafunga kwa mkono mmoja.

Hata kunicheka hakunicheka. Aliuliza tu kama kuna chai nyingine.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Mzee amethibitika, msomi ameaibika, turudi kazini. Lakini mimi sikuweza kulala na swali tumboni. Kwa wiki mbili zilizofuata niliyapima tena marobota yale kumi na moja, kisha mengine mapya nikayapima yanapotoka kwenye mashine, baada ya saa moja, baada ya saa tatu, siku iliyofuata. Yalikuwa yanavimba. Kila robota lilivuta pumzi polepole kama mtu anayejifanya amelala. Kidogo tu kwa moja, lakini ukiyapanga mengi moja nyuma ya jingine, uvimbe wote unahamia mlangoni. Nilikumbuka mbu mnene wa nguo na mbu mwembamba wa vigae. Vigae havivimbi.

Nilifurahi kupita kiasi. Niliandika ripoti kwa Kichina, na mchoro, na jedwali: nguo za pamba acha kiasi hiki, za jinzi kiasi hiki, masufuria hiki. Niliandika kwa moyo safi kabisa. Mwanzoni mwa ripoti niliweka sentensi inayosema kwamba utaratibu wa Fundi, ingawa maelezo yake ni ya kishirikina, una msingi wa kisayansi. Nilidhani namwokoa.

Laoban aliisoma mara mbili. Alinipongeza mbele ya vibarua, akaibandika ukutani, na namba zangu zikaingizwa kwenye programu. Miezi miwili baadaye alimwita Fundi ofisini, akaniita na mimi nikatafsiri.

Alizungumza kwa upole. Alisema ghala linamshukuru. Alisema zamani siri ya pengo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, sasa iko ukutani, kibarua yeyote anaweza kuisoma. Alisema kibali chake hakitaombwa tena. Nilitafsiri sentensi ya kwanza. Ya pili nikaitafsiri. Ya tatu ilinikwama.

"Sema, Binti Wakili," Fundi aliniambia. "Uso wake umeshafika, unangojewa wewe tu."

Nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mwambie asante kwa chai." Nikamwambia. Laoban alitazama mezani. Fundi akanigeukia, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na udadisi, kana kwamba tumebadilishana nafasi.

"Unajua mimi sikujua kama yanavimba?"

Aliondoka kabla ya kwisha mwezi, na Ijumaa zile za Xiaobei zikabaki wali mtupu.

Nilimwona tena mara moja. Ilikuwa mwaka uliofuata, kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou, ndani ya kumbi zile ambazo mtu anaweza kutembea nusu siku na bado yuko kwenye majiko ya umeme. Nilikuwa natafuta kazi ya ukalimani kwa siku, nimeshika karatasi yenye jina langu na lugha zangu. Nikaona kofia ya kudarizi. Chini ya kofia kulikuwa na suti ya rangi ya maziwa, na juu ya suti kitambulisho cha mnunuzi kilichoandikwa kwamba mwenyewe ni mkurugenzi. Alikuwa amewaleta wafanyabiashara saba wa Kariakoo, anawaongoza, anawachagulia hoteli. Wenzake walikuwa wamepanda ghorofa ya juu kuangalia vitambaa. Yeye, bila shaka, alikuwa amebaki chini.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Binti Wakili! Umekonda. Unauliza mpaka chakula?"

Alikuwa amesimama mbele ya mashine, mkono mkubwa wa chuma uliookota makasha na kuyapanga juu ya ubao, moja baada ya jingine, bila kukosea, mpaka ukawa mnara wa kimo cha mtu. Kisha ukaupangua, ukaanza upya. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa mwaka mzima. Niliyasema vibaya. Nilisema nisamehe, sikujua, nilidhani nakusaidia. Alisikiliza huku macho yako kwenye mkono wa chuma.

"Fundi, niambie kweli. Ulijua?"

"Niulizie kwa huyu binti," alisema, akinionyesha msichana wa Kichina aliyeuza mashine. "Hii ikipanga hivi, inaweza kueleza kwa nini imepanga hivi?"

Nikauliza. Msichana alifurahi. Alibonyeza kioo, na kwa kila kasha kikatokea kijisanduku cha maelezo: uzito, ukubwa, sababu ya kukaa hapo. Inaeleza kila kitu, alisema. Hakuna inachoficha.

Nikamtafsiria Fundi. Aliitazama mashine kwa huruma ya kweli.

"Masikini," akasema. "Haitakaa kazini muda mrefu."

Kisha akaniona, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile, pamoja na karatasi yangu yenye jina na lugha.

"Na wewe? Bado uko kwa Laoban?"

"Niliondoka mwezi wa tatu."

"Uliondoka?"

"Niliondolewa. Yuko mpwa wake sasa, ndiye anabonyeza." Nilitaka kuishia hapo, lakini alikuwa anangoja, na mimi sijapata kujua kunyamaza. "Aliniomba nimwandikie mwongozo wa programu. Hatua kwa hatua, mtu yeyote aweze."

"Ukamwandikia?"

"Kurasa arobaini na mbili."

Midomo yake ilianza kutetemeka.

"Na picha?"

"Na picha."

Fundi alicheka. Si ule wa mabega. Alicheka kwa sauti, akashika ukingo wa meza ya maonyesho, kofia ikamwendea upande, machozi yakamtoka juu ya suti ya maziwa. Wanunuzi wa Kihindi walisimama kutazama. Nilijaribu kukaza uso, nikashindwa, na mimi nikacheka mpaka nikaketi juu ya moja ya yale makasha, na mkono wa chuma ukasimama hewani ukitafuta kasha lake.

Msichana wa mashine alitujia na wasiwasi. Aliniuliza kwa Kichina tunacheka nini, kama kuna kasoro kwenye mashine, na kama naweza tafadhali kumweleza tatizo liko wapi, ili awaandikie wahandisi.

Lilikuwa swali zuri, na jibu nilikuwa nalo lote, kuanzia mwanzo. Nikafungua mdomo. Fundi akanikanyaga mguu.